Modi ni zilezile, seva hii inaruhusu, ile inafungia: nani anaamua?

Swali la msomaji:

"Habari za kazi kaka. Nina miaka 19, niko Morogoro, nacheza Minecraft ya Java kwenye laptopu ya mtumba. Kwenye folda yangu ya modi (vile vipachiko vya watu vinavyobadilisha mchezo) kuna Sodium, Lithium, ramani ndogo ya Xaero na modi ya kuongeza mwanga. Nina pia kiprogramu cha kubofya chenyewe, nakiwasha nikienda kula. Wiki iliyopita seva moja ya Ulaya imenifungia siku 30. Ujumbe unasema nimejipatia faida isiyo ya haki, basi, hakuna maelezo mengine. Seva nyingine nimecheza na vitu hivyohivyo mwaka mzima bila neno. Binamu yangu wa World of Warcraft anasema kwao adoni, ndivyo wanavyoita modi zao, ni ruksa kabisa. Rafiki yangu wa Final Fantasy XIV anasema kwao ni marufuku ila watu wanatumia kimyakimya. Sasa sheria ni ipi? Na nikifungua seva yangu na wenzangu wa chuo, tunaweza kuuza vyeo kwa M-Pesa?"

Jibu:

Mdogo wangu, salamu nimezipokea. Folda yako nimeipitia kama fundi anavyosikiliza injini kabla hajafungua boneti, na nikuambie mapema ninachokihisi: aliyekuponza si Sodium wala Lithium, hizo ni za kuongeza kasi tu. Ni kibofyaji. Na kama si kibofyaji, ni rada iliyomo ndani ya ile ramani. Sababu nitakueleza, ila tuanze na hilo la "sheria ni ipi", maana hapo ndipo wengi wanapotea njia.

Sheria moja haipo. Ukiingia kwenye seva ya watu unakuwa chini ya wenye mali wawili. Wa kwanza ni Mojang, kampuni ya Sweden iliyotengeneza mchezo wenyewe, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Mkataba wao wa mtumiaji, ule ambao wote tunabofya "nakubali" bila kuusoma, hauna ugomvi na modi. Unasema modi uliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya toleo la Java ni yako, ifanye utakavyo, mradi usiiuze wala usitafute pesa kupitia hiyo, na mradi usisambaze mchezo wao ukiwa umeshauchokonoa. Kwa lugha ya cherehani: gawa kiraka, usigawe shati lao lenye kiraka.

Kwa hiyo Mojang hawajakufungia. Jaribu kuingia seva nyingine sasa hivi, utaingia. Aliyekufungia ni mwenye seva, na huyo ndiye mwenye mali wa pili. Mashine analipia yeye, wachezaji wakigombana wanamlilia yeye, na ana haki ya kukataa hata kitu ambacho Mojang wamekiruhusu. Ni kama drafti. Kijiwe cha stendi watakuambia kula ni lazima, usipokula kete yako inaondolewa. Vuka barabara uende kijiwe cha sokoni, wanakuachia uchague. Ubao ni uleule, vizibo vya soda ni vilevile. Ukiwabishia wa sokoni kwa sheria za stendi utaonekana mshari tu, hata kama unacheza vizuri kuliko wote.

Na kule ulikokaa mwaka mzima bila kuguswa, usiseme waliruhusu. Huenda hawakuona. Watu wanayachanganya mambo haya mawili kila siku, halafu siku msimamizi akifumbua macho wanahisi wameonewa.

Seva inaona nini hasa kwako? Kidogo kuliko unavyodhani. Unapoingia, programu yako inajitambulisha kwa neno moja: "vanilla", yaani mchezo usioguswa, au "fabric", au "forge", vipakizi viwili vya modi. Forge hupeleka na orodha ya modi zake, Fabric kwa kawaida inataja jina lake tu. Folda yako haiwezi kupekuliwa kutoka Ujerumani. Seva inachokiona ni matendo: umesimama wapi, umetazama wapi, umepiga lini. Taarifa hizo zinafika hadi mara 20 kwa sekunde, maana huo ndio mwendo wa saa ya Minecraft. Kila kitu nitakachokuambia kuanzia hapa kinatokana na hilo.

Sodium, kwa mfano, inabadilisha namna laptopu yako inavyochora picha. Seva haipokei chochote tofauti. Mwenye kompyuta mpya ya milioni nne hajui maana ya kupigana kwa fremu 18 kwa sekunde na chipu ya Intel iliyochoka. Kwetu huku modi za kuongeza kasi si anasa, ndizo zinazofanya mchezo uchezeke. Sijawahi kukutana na seva makini iliyomfungia mtu kwa sababu ya Sodium. Lithium nayo haina shida, ila ukiwa mgeni kwenye seva ya mtu haikusaidii sana: inarahisisha hesabu za dunia yenyewe, na hesabu hizo zinapigwa upande wa seva. Iache, haili chakula.

Modi ya mwanga ni suala la kijiwe na kijiwe. Inakuonyesha pango kama mchana bila mwenge. Seva nyingi zinaivumilia kwa sababu haziwezi kuigundua, na kwa sababu mtu akizidisha mwanga wa skrini yake anapata sehemu ya faida hiyohiyo. Soma orodha yao. Kama haijatajwa, uliza.

Sasa ramani. Xaero anatoa matoleo mawili ya ramani yake ndogo, na wengi hawalijui hilo. Toleo kamili lina rada: vitone vinavyoonyesha viumbe na wachezaji walio karibu, hata waliojificha nyuma ya ukuta. Lina pia hali ya mapango, inayochora njia za chini ya ardhi. Toleo la pili, la mchezo wa haki, limeondolewa vyote viwili, umebaki na ramani ya kujua nyumbani ni upande gani. Rudi kwenye ukurasa uliopakulia uangalie ulichukua lipi. Kama ulichukua la kwanza lenye vipakuzi vingi bila kusoma, una toleo kamili.

Kuna jambo moja kwenye ramani hii ambalo mimi hulipenda. Mwenye seva anaweza kuizima rada yako ukiwa kwake, bila kugombana nawe. Anatuma kwenye chati ujumbe wenye alama § mbele ya kila herufi ya neno "fairxaero". Minecraft inaziona herufi zilizotanguliwa na alama hiyo kama maelekezo ya rangi na mtindo, kwa hiyo wewe kwenye chati huoni kitu. Modi yenyewe inausoma ujumbe, na rada na mapango vinazimika hapohapo. Akitaka ramani yote ipotee, anaandika "nominimap" kwa mtindo huohuo. Huo ni ustaarabu wa hali ya juu: mtengeneza modi amemwachia mwenye nyumba ufunguo. Bahati mbaya wenye seva wengi hawajui kwamba ufunguo upo, wanakimbilia kufungia.

Kwa nini rada inaudhi hivyo? Fikiria tunacheza karata, halafu mdogo wako amesimama nyuma yangu anapiga chabo na kukukonyeza. Wewe hukuiba karata yoyote. Umecheza zako kwa halali. Lakini mchezo umekwisha, kwa sababu wote tulikaa chini tukiamini kwamba nilichoshika unakikisia. Mimi kila modi ninaipima hivyo: inanipa habari ambayo mwenzangu anaamini sina? Inanifanyia kazi ambayo mwenzangu anaifanya kwa mkono? Jibu likiwa hapana kwa yote mawili, naiweka kwa amani. Ikiwa ni ndiyo kwa moja, nauliza kwanza.

Ndugu wa hiyo rada ni eksirei, ile modi ya kuona almasi kupitia mawe. Hujaitaja, sikutuhumu, ila ifahamu kwa sababu hali ya mapango inaweza kukuweka kwenye kundi moja na wenye eksirei. Seva ikikutumia kipande cha dunia, inakutumia chote, mawe na almasi iliyomo ndani. Mchezo wa kawaida hauchori usichopaswa kukiona. Eksirei inaacha tu kuchora mawe. Ndiyo maana kuigundua moja kwa moja ni vigumu, na ndiyo maana seva zinazoendeshwa kwa programu ya Paper zina kinga ya namna yake: hali ya kwanza inakutumia jiwe mahali penye madini yaliyofichika, hali ya pili inakumwagia madini ya uongo kila mahali mpaka mwizi achanganyikiwe. Zaidi ya hapo ni macho ya msimamizi. Plagini (modi ya upande wa seva) ya CoreProtect inaandika kila tofali lililovunjwa na nani na lini. Ukisoma mstari wa mtu aliyechimba kwa uaminifu unaona anayumba, anarudi, anakosa. Wa mwenye eksirei unakwenda moja kwa moja hadi kwenye almasi, unapinda, unakwenda moja kwa moja hadi nyingine. Hata mtoto anauona.

Kibofyaji ndicho kilichonifanya nitikise kichwa. Unasema unakiwasha ukienda kula. Maana yake seva inapokea mapigo kutoka kwa mtu asiyekuwepo, na yanakuja kwa nafasi sawasawa kama matone ya bomba bovu. Mkono wa binadamu hauna nafasi sawasawa: unachoka, unaharakisha, unajikuna. Plagini za ulinzi zinapima hilo na hazihitaji akili nyingi kulipima. Kwenye seva zinazopigana kwa kanuni za toleo la 1.8 jambo hili linakuzwa zaidi, kwa sababu kabla ya toleo la 1.9 la mwaka 2016 upanga haukuwa na muda wa kupumzika kati ya pigo na pigo, na anayebofya haraka ndiye anayeshinda. Ila hata seva ya wakulima na wajenzi itakufungia, maana uchumi wake wote umejengwa kwenye jasho. Wewe umekula ugali wako, mashamba yako yamekuzalishia, na jirani yako aliyekaa masaa matatu akibofya anakuta bei ya bidhaa yake imeshuka sokoni.

Na hicho kiprogramu ulikipakua wapi? Nauliza kwa sababu mwezi Juni 2023 kirusi kilichoitwa fractureiser kiliingizwa kwenye modi na plagini zilizokuwa kwenye tovuti za CurseForge na Bukkit, tovuti zilezile tunazoziita salama. Kilikuwa kinaiba vidakuzi vya kivinjari na funguo za akaunti za Minecraft na Discord, na kikikuta faili nyingine za jar, yaani za programu za Java, kwenye mashine kinajipandikiza humo. Kama yaliwapata walioshusha kutoka mlango wa mbele, wewe uliyeshusha kibofyaji kutoka kwenye maelezo ya video usilale usingizi mzito. Kifute, badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, ndipo uendelee na habari ya rufaa.

Nisikufanye uone kwamba wasimamizi hawakosei. Mimi mwenyewe nilipokuwa nalea kiseva cha watu arobaini hivi, nilimfungia kijana wa Kigoma kwa "kukimbia kupita uwezo". Plagini ilikuwa imempigia alama nyekundu zaidi ya kumi kwa usiku mmoja, na mimi nilikuwa nimechoka. Wiki ya pili ndipo nilipokaa na kumbukumbu za seva. Intaneti yake ilikuwa inakata kwa sekunde moja, mbili, halafu inarudi. Sekunde ile ikikata, hatua zake 20 zinasubiri mlangoni. Ikirudi zinaingia zote kwa mpigo, na plagini inaona mtu aliyeruka mita tano au sita kwa kufumba na kufumbua. Kijana alikuwa anakimbia kwa mwendo wa kawaida kabisa, mnara ndio uliokuwa unayumba. Nilimfungulia nikamwomba radhi kwenye chati ya wote. Hakurudi tena, na simlaumu. Tangu hapo huwa siamini alama nyekundu za mtu aliye mbali na seva mpaka niangalie muda wake wa kuitikia, ule unaoitwa ping. Wewe uko Morogoro na seva iko Ulaya, kwa hiyo liweke hilo akilini tutakapofika kwenye barua yako.

Binamu yako wa World of Warcraft amesema kweli, ila nusu. Blizzard, wenye mchezo huo, walijenga kizimba: adoni zinaandikwa kwa lugha ya Lua, zinaendeshwa ndani ya mchezo, na zinagusa tu kile ambacho kampuni imekiacha wazi. Tangu 2009 wana masharti ya maandishi: adoni iwe ya bure, msimbo wake usomeke na yeyote, isiweke matangazo, isiombe michango ndani ya mchezo. Ndani ya kizimba uko huru kweli. Ila kizimba ni chao, na kuta wanazisogeza. Mwaka 2010 kulikuwa na adoni ya AVR iliyochora duara ardhini kukuonyesha pa kusimama wakati wa pambano. Blizzard waliona inacheza badala ya mchezaji, wakabadilisha mambo kwenye toleo la 3.3.5, ikafa. Na kwa toleo la Midnight wamezibana adoni za mapigano kiasi kwamba watengenezaji wa WeakAuras, adoni ambayo washambuliaji wengi walikuwa hawawezi kupumua bila hiyo, walitangaza kwamba hawataileta huko.

Nje ya kizimba hali ni nyingine. Glider ilikuwa roboti inayokuchezea mhusika wako wewe ukiwa umelala, na kesi yake na Blizzard ilifika mahakama ya rufaa ya Marekani mwezi Desemba 2010. Majaji walisema jambo ambalo wachezaji wangenufaika kulijua: kuvunja sharti la mkataba wa mchezo peke yake si lazima kuwe ukiukaji wa hakimiliki. Lakini kuuza chombo cha kuikwepa Warden, ile programu ya ulinzi ya Blizzard, ni kosa kwa sheria ya Marekani. Kwa hiyo mtu akikutisha kwamba rada ya ramani ni "uhalifu", mwambie apunguze sauti. Umevunja taratibu za nyumba ya mtu, na adhabu yake ni kutolewa nje. Anayetengeneza na kuuza vyombo vya kukwepa ulinzi ndiye mwenye kesi ya aina nyingine.

Rafiki yako wa Final Fantasy XIV naye yuko sahihi. Square Enix, wenye mchezo huo, wanakataza programu zote za nje, kwa maandishi, bila orodha ya zinazosamehewa. Bado watu wanatumia, na desturi yao ni kutozitaja hadharani. Mimi utaratibu huo siupendi, maana unamwacha muungwana akicheza bila kitu huku mjanja akijua mipaka isiyoandikwa. Januari 2023 mambo yaliwaharibikia hadharani: timu ya kwanza duniani kumaliza pambano la Omega ilionekana kwenye video ikitumia kamera iliyorudishwa nyuma kuliko mchezo unavyoruhusu. Mkurugenzi wa mchezo huo, Naoki Yoshida, akaandika kwamba yeye hatawahesabu kuwa wa kwanza wa kweli. Miaka yote ya kufumba macho, kisha aibu ya siku moja.

Wa RuneScape wana njia ninayoiona nzuri zaidi, ingawa waliifikia kwa maumivu. Mwaka 2021 Jagex, wenye mchezo huo, walimzuia mtengenezaji wa modi ya picha nzuri, 117HD, ikiwa karibu kutoka, baada ya kazi ya muda mrefu. Wachezaji walikasirika, wakaandamana ndani ya mchezo wenyewe, na mwezi huohuo pande mbili zikaelewana na modi ikatoka kupitia RuneLite, programu ya nje ambayo wengi huchezea mchezo huo. Leo kuna orodha ya programu zilizoidhinishwa na maelezo ya kinachokatazwa. Unasoma, unajua.

Nikupe na ya Counter-Strike 2, halafu tuache nchi za watu. Oktoba 2023 AMD, kampuni kubwa ya kadi za picha, ilitoa kiendeshi chenye kitu cha kupunguza ucheleweshaji, na kilifanya kazi kwa kujipenyeza kwenye faili za mchezo. Programu ya ulinzi ya Valve, wenye mchezo huo, ilichoona ni mkono wa mgeni ndani ya mfuko. Wachezaji wasio na hatia wakafungiwa, AMD wakakiondoa kiendeshi, Valve wakaanza kuwafungulia. Kwa hiyo "sikuweka modi yoyote" inaweza kuwa kweli na bado ukala bani. (Wanaocheza kwenye simu msicheke. PUBG Mobile adhabu yake ya kuchiti ni miaka 10, na zile APK zilizochezewa mnazotumiana kwenye makundi ndiyo njia fupi ya kuipata.)

Haya, seva yenu ya chuo. Kuuza vyeo kwa M-Pesa Mojang hawakatazi. Wanachoangalia ni cheo kinampa nini mnunuzi. Tangu Juni 2014 msimamo wao ni huu: unaweza kutoza kiingilio, mradi wote walipe sawa. Unaweza kupokea michango, kuweka matangazo, kuuza mapambo: rangi ya jina, kofia, mnyama wa kufuatana nawe. Usiuze kinachompa mtu nguvu kuliko asiyelipa. Cheo cha elfu tano kinachokuja na upanga wa almasi ni kosa. Cheo cha elfu tano kinachoandika jina lako kwa dhahabu na kukuwekea kasuku begani hakina neno. Usiite seva "Minecraft Morogoro" kana kwamba ni tawi lao. Tafuta jina lenu, neno Minecraft likae pembeni kama maelezo, na andikeni mahali panapoonekana kwamba hamhusiani na Mojang. Na mwenzenu mmoja akija na wazo la kuuza vipande vya ramani kama NFT (hati za umiliki za kidijitali), mkatalieni: Mojang walilifunga hilo Julai 2022.

Kwenye plagini ndipo anapoingia mwenye mali wa tatu, ambaye sikumtaja pale juu: aliyeziandika. Septemba 2014 mradi wa Bukkit, uliokuwa msingi wa karibu seva zote za plagini wakati huo, ulizimika kwa sababu mmoja wa wachangiaji wake alidai hakimiliki. Msimbo wake wa leseni huria ulikuwa umechanganywa na msimbo wa Mojang usio huria, na yeye akasema basi, msisambaze. Ndiyo maana mpaka leo Spigot, programu ya seva iliyotokana na Bukkit, inakupa BuildTools ujijengee faili ya seva kwenye mashine yako, badala ya kukupa iliyoiva. Kwenu nyinyi hilo lina maana ndogo lakini ya kila siku: plagini ya kulipia inunueni, msichukue iliyovujishwa. Zilizovujishwa mara nyingi zimewekewa mlango wa nyuma, mtu mmoja anaingia usiku, anajipa mamlaka yote, asubuhi mnakuta shimo mahali palipokuwa na mji.

Na najua baadhi ya wenzako hawajanunua mchezo. Dola 30 hivi ni pesa ya chakula cha wiki kadhaa kwa mwanachuo, siwezi kujifanya sijui. Lakini mkiweka "online-mode" kuwa "false" kwenye server.properties, faili ya mipangilio ya seva, ili waingie, seva inaacha kumuuliza Mojang kama huyu ni yeye kweli. Yeyote atakayeandika jina lako anakuwa wewe, pamoja na mamlaka yako ya msimamizi. Kuna plagini za kuweka nywila kuziba pengo hilo, ila mkataba mtakuwa mmeuvunja palepale. Na kuuza vyeo juu ya seva ya namna hiyo mimi siwezi kukushauri.

Andikeni orodha yenu ya modi kabla ya mchezaji wa kwanza kuingia. Msiandike "modi zinazotoa faida isiyo ya haki haziruhusiwi", maana kila mtu anajiona mwenye haki. Andikeni majina: Sodium ndiyo, ramani ya Xaero toleo la haki tu, vibofyaji hapana hata ukiwa unakula.

Sasa barua yako ya rufaa. Usianze na "sijafanya kitu", msimamizi anasoma sentensi hiyo mara kumi kwa siku. Taja vitu vyote vitano kwa majina, kibofyaji kikiwemo, useme ulikitumia ukiwa haupo na umekifuta. Taja kwamba uko Tanzania na muda wako wa kuitikia ni kiasi gani, kisha uliza kosa lilitokana na nini: mwendo, ramani au kubofya. Wakikujibu "mwendo", una hoja. Wakikujibu "kubofya", huna, tumikia siku zako 30 kimya.

Ushahidi unao, ila huenda hujawahi kuufungua. Kwenye folda ya mchezo kuna folda ya "logs". Fabric inapowaka huandika humo ni modi ngapi zimepakiwa na majina yake, moja baada ya nyingine. Faili ya "latest.log" ni ya mara ya mwisho ulipofungua mchezo, kwa hiyo ya siku uliyofungiwa imeshabanwa kuwa gz na ina tarehe kwenye jina lake. Itafute hiyo, uiambatanishe na barua, na mimi nitumie nakala kabla hujaituma.